Karatasi Hizi Zinakaa Wapi?

Binti alisimama mbele ya bango lake, akavuta pumzi, akaanza kwa kutaja koo zake. Ukoo wa mama kwanza, kisha wa baba, kisha wa babu mzaa mama, mwishoni wa babu mzaa baba. Ndipo akataja kichwa cha utafiti wake: familia ambazo hazina bomba nyumbani, na maji wanayoyafuata mbali kwa pikapu na mapipa.

Tulikuwa Tsaile, Arizona, kwenye Chuo cha Diné, katika Taifa la Navajo, watu wa asili wa Marekani wenye serikali yao. Diné ndilo jina wanalojiita wenyewe. Rafiki ninayefanya naye kazi Albuquerque alinialika. Wanafunzi walikuwa wamemaliza mafunzo yao ya utafiti wa afya ya jamii ya kiangazi, na wazazi, mabibi na wadogo zao walikuja kuwasikiliza.

Ulipofika wakati wa maswali, bibi mmoja mwenye mikufu ya feruzi aliinua mkono. Aliuliza kwa Kinavajo, rafiki yangu akaninong'oneza.

"Mjukuu wangu, karatasi hizi ulizoandikia majibu ya watu, zinakaa wapi?"

"Zinabaki hapahapa, bibi. Ni mali ya Taifa letu. Hata mimi nikitaka kuziandikia makala, lazima nirudi kuomba ruhusa."

Bibi akaitikia kwa kichwa, akakaa.

Mimi swali lile nimeondoka nalo, na wiki zinapita bado ninalo.

Nimewahi kuwa mdodosaji. Ujanani, huko Tanga, nilizunguka vijijini na mkoba wa dodoso, nikipiga hodi nyumba hadi nyumba. Swali la bibi yule niliulizwa barazani mara nyingi, na akina mama waliokuwa wakichambua mchele huku wakinijibu. Jibu tulilofundishwa lilikuwa moja: "Zinakwenda makao makuu, mama, na ni siri." Lilikuwa jibu la kweli. Zaidi ya hapo sikujua, kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuniambia. Nilifundishwa vizuri kujaza fomu, kuorodhesha kaya, kuchukua tone la damu kidoleni. Nani aliamua tuulize haya na si yale, na majibu yakishakusanywa ni ya nani, hayo hayakuwamo kwenye mafunzo.

Mimi na binti yule wote tulifundishwa utafiti.

Kwa nini basi yeye alikuwa na jibu?

Mikono ilikuwepo tangu zamani

Jibu la haraka ni kwamba wenzetu wana chuo na wana wasomi. Kweli, Wanavajo walianzisha chuo chao mwaka 1968, cha kwanza Marekani kuendeshwa na watu wa asili wenyewe. Lakini kadiri nilivyosoma historia yao, jibu hilo lilizidi kutonitosha kila siku, maana kufundishwa kazi za afya hakukuanza na chuo. Hospitali ya misheni ya Ganado ilifungua shule ya wauguzi kwa wasichana wa makabila ya asili mwaka 1930.

Mwaka 1952 dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi ilikuwa bado mpya kabisa. Fort Defiance, kwa wagonjwa wa Kinavajo, ni mojawapo ya mahali pa mwanzo ilipojaribiwa, chini ya madaktari wa Chuo Kikuu cha Cornell kutoka New York. Ni dawa hiyohiyo wanayomeza wagonjwa wetu wa TB hadi leo. Mwaka 1956 Cornell wakafungua kliniki Many Farms, wakawafundisha Wanavajo kuwa wahudumu wa kwenda majumbani. Hawa waliendesha magari kwenye njia za vumbi, walitafsiri, walipima, walirudisha taarifa kwa daktari. Mradi ulifungwa 1962. Matokeo yake yalisemwa wazi na waliouendesha: TB ilirudi nyuma, magonjwa ya masikio yalipungua, lakini kuhara na nimonia ya watoto havikutikisika, kwa kuwa nyumba zilibaki zilezile na maji yalibaki mbali.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa zamu ya watoto wachanga. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilijaribu kwao chanjo dhidi ya Hib, bakteria anayeleta homa ya uti wa mgongo, nayo ikakinga kwa zaidi ya asilimia 90. Matokeo yalichapishwa 1991. Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya bakteria huyo mwaka 2001, Tanzania 2009. Wanangu wamechanjwa. Nilipokuwa nimewapakata kliniki sikujua kwamba kuna akina mama wa jangwani waliotangulia kutoa watoto wao ili chanjo za aina ile ziaminike. Najisikia nina deni kwao, na nalisema bila kuzunguka.

Kwa hiyo mikono ya Wanavajo ilikuwamo katika utafiti kwa miongo mingi. Miili yao pia.

Katika miaka ile yupo mtu mmoja aliyefanya zaidi ya kusaidia kazi ya wengine: Annie Dodge Wauneka. Alichaguliwa kuingia Baraza la Wanavajo mwaka 1951, akakabidhiwa mambo ya afya. Hakuwa daktari. Alianza kwa kujifunza mwenyewe TB ni kitu gani, akaona vijidudu kwenye hadubini, ndipo akaanza kwenda hogani kwa hogani, yaani nyumba za jadi za Wanavajo, kuzungumza na wagonjwa waliotoroka hospitali za TB. Alikuwa na kipindi cha redio kwa Kinavajo, na alisaidia kutunga kamusi ya istilahi za tiba ili mkalimani asibabaike mbele ya mgonjwa. Mwaka 1963 Marekani ilimtunuku Nishani ya Uhuru ya Rais. Ninachokiona kwake si nishani. Alisimama kwa niaba ya baraza lililomchagua, na madaktari walilazimika kumweleza.

Waliohesabiwa bila kuambiwa

Kati ya mwaka 1944 na 1986 karibu tani milioni 30 za mawe ya urani, madini yenye mionzi, zilichimbwa katika ardhi ya Wanavajo. Migodi zaidi ya 500 iliachwa wazi. Wanaume walirudi nyumbani na vumbi kwenye nguo, wake zao wakazifua pamoja na za watoto.

Kuanzia 1950 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wachimbaji wa urani, Wanavajo wakiwamo. Iliwapima, ikawahesabu, ikaweka kumbukumbu. Ili wenye migodi wawaruhusu watafiti kuingia, ilikubaliwa kwamba wachimbaji wasielezwe hatari inayowakabili. Watafiti walikuwa na sababu tangu mwanzo za kuhofia saratani ya mapafu. Wachimbaji wakaendelea kushuka chini.

Nimesoma sehemu hii mara nyingi na kila mara hasira hunipanda upya. Takwimu zilikuwa nzuri, na hata zilisaidia: bila ushahidi ule, sheria ya fidia ya 1990 ingekuwa ngumu kupatikana. Lakini kulikuwa na fomu, kulikuwa na vipimo, kulikuwa na wataalamu waliobobea, na mtu aliyekuwa anakufa ndiye pekee asiyejua anachunguzwa nini.

Utaalamu ulikuwepo wa kutosha. Mwenye haki ya kusema "simamisheni, kwanza waelezeni watu" hakuwepo.

Mei 1993

Kisha vijana wenye afya njema wakaanza kufa kwa kushindwa kupumua, katika siku chache tu tangu homa kuanza. Wa kwanza kugundulika walikuwa Wanavajo. Vyombo vya habari vikauita ugonjwa ule homa ya Wanavajo, waandishi wakavamia hadi misibani, na wanafunzi wadogo waliokuwa wamealikwa Los Angeles wakafutiwa mwaliko.

Wataalamu wa serikali kuu walifanya kazi ya kusifiwa. Katika wiki chache walijua ni virusi vya hanta vinavyobebwa na panya wa porini. Wazee wa tiba wa Kinavajo nao walikuwa na la kusema. Walimwambia daktari, Mnavajo mwenzao, kwamba mvua zikizidi, misonobari huzaa kokwa nyingi kupita kawaida, panya huongezeka, na maradhi ya namna hii yaliwahi kuonekana katika miaka iliyopita ya neema kama hiyo. Mila yao ilikwishakataza panya kuachwa wagusane na chakula na nguo za watu.

Wazee wale walisikika kwa sababu aliyekwenda kuwauliza alikuwa mtoto wao, na alikuwa na cheo cha kumfanya asikilizwe na upande wa pili. Fikiria angekuwa mdodosaji kama mimi. Dodoso langu lisingekuwa na mstari wa kuandika habari za kokwa za msonobari.

Hatua kumi na mbili

Mwaka 1996 Taifa la Navajo lilichukua mikononi mwake idhini ya utafiti wote unaohusu afya ya watu wake. Kabla ya hapo idhini ilikuwa chini ya huduma ya afya ya serikali kuu. Bodi yao hukutana Window Rock, makao makuu ya Taifa, na njia yake ina hatua kumi na mbili.

Sitazipitia zote. Zilizonigusa ni za mwanzo na za mwisho. Mwanzoni, mtafiti huenda kwenye jamii kabla hajawa na chochote cha kuidhinishwa. Wanavajo wamegawanyika katika vitongoji 110 vyenye mikutano yao ya wakazi, na mtafiti husimama pale akaeleza, akaulizwa, akaombwa arekebishe, akatafuta azimio la kuungwa mkono. Ardhi yenyewe inazidi Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Kuna siku unaendesha gari asubuhi nzima ukifika unakuta mkutano haukutimiza akidi.

Mwishoni, makala yoyote hurudi kwenye bodi kabla ya kuchapishwa, matokeo hupelekwa kwa waliotoa majibu, na takwimu ni mali ya Taifa.

Rafiki yangu, ambaye amepitia njia hiyo, aliniambia inachosha. Anawajua watafiti wachanga ambao ruzuku zao zilikaribia kuisha kabla hawajamhoji mtu hata mmoja. Mwanafunzi wa uzamili mwenye miaka miwili tu hawezi. Matokeo yake ni kwamba Mnavajo kijana anayesoma mbali, asiye na msimamizi mvumilivu, anaweza kuamua kufanya utafiti kuhusu watu wengine. Hilo ni jambo zito: utaratibu wa kuwalinda Wanavajo kumsukuma nje Mnavajo.

Hata hivyo bodi hiyo haijazoea kukataa tu. Mwaka 2020, korona ilipoua watu wengi na mwezi Mei Taifa la Navajo likaipita New York kwa maambukizi kulingana na idadi ya watu, bodi iliidhinisha jaribio la chanjo ya Pfizer lifanyike kwao. Wapo waliolaumu vikali, wakisema watu wetu wanageuzwa tena vyombo vya majaribio. Safari hii, angalau, aliyelaumiwa alikuwa mtu wa nyumbani, anayejulikana anakaa wapi, anayeweza kuitwa aje kujieleza.

Shaka ambayo haijaniisha

Mwaka 2002 Taifa la Navajo lilisitisha utafiti wote wa vinasaba, yaani chembe za urithi tunazopata kwa wazazi. Sababu zao ninazielewa. Jirani zao Wahavasupai walitoa damu miaka ya 1990 wakiambiwa ni kwa ajili ya kisukari. Damu hiyo ikatumika kuchunguza skizofrenia, ugonjwa wa akili, na asili ya kabila, mambo ambayo hawakuyaridhia. Shauri lao na Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona liliisha 2010 kwa malipo ya dola 700,000 na damu yao kurudishwa.

Lakini kuna ugonjwa wa watoto wanaozaliwa bila kinga ya mwili, ambao miongoni mwa Wanavajo humpata takriban mtoto mmoja katika kila 2,000. Kwingineko ni nadra mno. Chanzo chake, hitilafu katika kinasaba kiitwacho Artemis, kilijulikana kwa sababu kuna waliochunguza vinasaba vya familia hizi. Mwaka 2022 madaktari wa San Francisco walichapisha matokeo ya watoto kumi waliotibiwa kwa kurekebishiwa kinasaba hicho, na miongoni mwao walikuwamo wa Kinavajo. Watoto ambao zamani wangezikwa kabla ya kutimiza mwaka.

Ningekuwa mjumbe wa baraza lile, ningefanya nini? Nimegeuza swali hili usiku na mchana. Upande mmoja kuna bibi anayeamini kwamba damu ni sehemu ya mtu hata ikiwa imetoka mwilini, na historia imempa kila sababu ya kufunga mlango. Upande wa pili kuna mama mwenye kichanga, na swali la ni maarifa mangapi mengine yamebaki nje ya mlango huo.

Wao wenyewe wanabishana. Kliniki ya saratani ilipofunguliwa Tuba City mwaka 2019, ya kwanza katika ardhi yao, mjadala ulikuwa umekwishaanza upya, maana tiba ya saratani siku hizi haiachani na vinasaba. Wamezungumza kuhusu kuweka sera yao na mahali pao wenyewe pa kuhifadhi sampuli. Mimi naona walistahili kusitisha, na naona kusitisha kuna gharama inayolipwa na wagonjwa. Yote mawili nayashika, na sijapata namna ya kuacha moja.

Ninachokijua ni kwamba mjadala wenyewe unahitaji Wanavajo wanaoelewa kinasaba ni nini kwa undani wa kubishana na San Francisco. Bila hao, baraza litabaki na mambo mawili tu ya kuchagua: kukataa, au kuamini kwa macho yaliyofumbwa.

Hapo ndipo mafunzo yanapokuwa jambo la kufa na kupona.

Wanavyofundishwa

Kuanzia mwaka 2000 serikali kuu ya Marekani ilitenga ruzuku ya utafiti ambayo mwombaji wake ni kabila au taasisi ya kabila. Chuo kikuu kikubwa kinaweza kuwa mshirika, lakini si mwenye ombi. Fungu la mafunzo ya Tsaile lilipitia njia hiyo. Waliowahi kuandika bajeti za miradi watanielewa: mwenye ombi ndiye anayeamua nani aajiriwe na nani asafiri, na dereva alipwe kiasi gani.

Mafunzo yenyewe huanza darasani: magonjwa yanavyoenea, namna ya kuuliza maswali, takwimu, maadili. Kisha wanafunzi hupelekwa kwenye miradi ya afya, aghalabu karibu na kwao, halafu hurudi kutoa hesabu mbele ya watu. Chuo kimepanga ufundishaji wake kwa nyakati nne za falsafa ya Kidiné: kufikiri, kupanga, kuishi jambo lenyewe, na kulitazama tena hadi upate uhakika. Nilidhani hayo yangekuwa ya kupamba ukuta. Kwenye mabango niliyaona yakifanya kazi. Binti wa maji alitumia sehemu nzima kueleza alivyofikiri kabla ya kuandika swali la kwanza, nani alimshauri, na swali gani aliliondoa kwa sababu lilimdhalilisha mjane.

Swali lililoondolewa! Katika miaka yangu yote ya udodosaji sikuwahi kuondoa swali. Yalikuwepo yaliyowafanya watu wainamishe macho, nami niliyasoma kama yalivyoandikwa.

Matunda yake yanaonekana mahali pengi, na si lazima yawe makala. Mwaka 2014 wakazi waliojipanga wenyewe walilifikisha baraza na rais wa Taifa la Navajo kwenye sheria ya kutoza asilimia 2 zaidi kwa vyakula visivyo na lishe, baada ya kukataliwa mara kadhaa. Fedha hizo hurudi vitongojini kwa kazi za afya. Kule Sanders, Arizona, mwanafunzi wa uzamivu wa Kinavajo, Tommy Rock, alipima maji mwaka 2015 akakuta urani imezidi kiwango kinachoruhusiwa, na shule ilikuwa inayanywa. Alijua mahali pa kupima. Sanders iko kwenye mkondo wa chini wa mto Puerco, ambao ulipokea takriban lita milioni 350 za majitaka yenye mionzi bwawa la kiwanda cha urani lilipopasuka Church Rock tarehe 16 Julai 1979. Historia ya mto ule watu wa kwao hawakuihitaji kuisoma maktaba.

Na utafiti mkubwa wa akina mama na watoto kuhusu urani, ambao Chuo Kikuu cha New Mexico kinashirikiana na Wanavajo kuuendesha, uligundua kwamba takriban robo ya akina mama walikuwa na urani nyingi mwilini kuliko asilimia 95 ya Wamarekani. Waliokwenda kuzungumza na akina mama hao walikuwamo wanaozungumza Kinavajo. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilipotaka takwimu hizo ziingie kwenye hazina yao kuu, zililazimika kuketi mezani na Taifa la Navajo na kutia sahihi mkataba mwaka 2019, wa kwanza wa aina yake, unaoeleza nani ataona nini na kwa ruhusa ya nani.

Kutoka wachimbaji wa 1950 hadi mkataba ule ni vizazi viwili hivi. Wajukuu wa wachimbaji ndio waliokuwa upande wa pili wa meza.

Ninachowauliza wenzangu

Fedha bado nyingi zinatoka Washington, na Washington inaweza kufunga mkono wakati wowote. Wahitimu wengi bado huondoka kwa sababu nyumba na mishahara iko Phoenix na Albuquerque. Sijaona mahali hayo yalipotatuliwa.

Nyumbani tuna taasisi za utafiti, kamati za maadili, na mikataba ya kusafirisha sampuli. Sisemi hatuna kitu. Ninachotaka kujua kiko chini ya hapo, kijijini, mlangoni. Kwa hiyo nimewaandikia rafiki zangu wa zamani ambao bado wanabeba vishikwambi vya dodoso Muheza na Kilifi, nikawauliza mambo mawili: je, siku hizi mnaweza kuondoa swali? Na mkiulizwa majibu yanakaa wapi, mnajibu nini? Mmoja amekwishajibu la kwanza, kwa kirefu, na ameniruhusu niliweke hapa wiki ijayo. Nawe msomaji, kama umewahi kuhoji au kuhojiwa, niandikie.